Wagonjwa Waliofichwa: Jinsi Matibabu Yalivyokaribia Vijiji Vyetu

Katika jubilei twahesabu makanisa na shule zilizojengwa, nayo ni haki. Lakini yatupasa kuwakumbuka pia watu waliokaa siku nyingi bila kuonekana kanisani wala shuleni, kwa kuwa walifichwa nyumbani: wenye maradhi ya akili na wenye kifafa.

Katika nchi yetu nyumba ya kwanza ya kuwatunza wagonjwa wa akili ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Hata mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa hao. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ikafungua hospitali ya Mirembe, Dodoma. Zilikuwa kazi njema, walakini zilikuwa mbali. Kisaki iko chini ya Uluguru, upande wa kusini, na reli ya TAZARA haikufika huko mpaka miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mtu wa Kisaki aliyetaka kumpeleka nduguye Mirembe ilimpasa kwanza afike Morogoro, ndipo apande gari la moshi. Ni nani angeacha shamba lake, tena asijue atarudi lini?

Basi jambo kubwa lilianzia Mahenge, katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Mwaka 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha huko kliniki ndogo ya kifafa. Wapogoro waliogopa mate ya mgonjwa, wakidhani yanaambukiza. Kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake, na akianguka motoni watu walisita kumshika. Daktari aliwauliza wagonjwa na jamaa zao habari zao, mmoja mmoja, akawapa vidonge vya fenobabito, dawa ya bei ndogo. Lakini dawa hiyo humezwa kila siku; mtu akiiacha ghafula, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko kwanza. Hapo twaona kwa nini umbali ni adui. Dawa ya kila siku haifai kitu ikiwa iko mwendo wa siku nyingi.

Katika miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya la Dunia pamoja na nchi ya Denmark, iliichagua mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro ili kujaribu njia hiyohiyo. Waganga na wauguzi wa zahanati walifundishwa kuyatambua maradhi ya akili na kifafa, na kuyatibu papo hapo kijijini. Mtu akatibiwa na yule anayemjua kwa jina, anayewajua na wazazi wake.

Lakini zahanati haiwezi kumtibu mtu asiyeletwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tukiri kwamba sisi Wakristo nasi tumeficha, kwa aibu. Walimu, mtoto akianguka darasani, msimfukuze. Msaidieni, kisha mwiteni mzazi wake. Wazazi, mpelekeni mtoto zahanati mapema. Nasi sote tumwachie mgonjwa nafasi katika benchi la kanisa, na mahali penye sahani yetu. Hivyo jubilei itakuwa ya wote.