Niru, Rangi na Kilemba

Anayetafuta fremu ya biashara Mwembesongo, ndani ya Manispaa ya Morogoro, hukutana na hesabu ileile ya miji mingine ya Tanzania: kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo na, pale penye wateja wengi, kilemba. Hicho hakivaliwi kichwani. Ni fedha ya kumfanya aliyemo ndani akubali kuachia chumba. Akishalipa, mfuko umelegea na ukuta bado si wake. Kuvunja haruhusiwi, kupanua haruhusiwi. Anaruhusiwa kumwita fundi rangi.

Ufundi wa kubadilisha ngozi ya chumba na kuiacha mifupa yake umetoka mbali. Kilwa na Lamu, mafundi walichoma matumbawe juu ya magogo, wakayamwagia maji, wakapata chokaa. Juu ya lipu ya kawaida walipaka tabaka jembamba la chokaa iliyolainishwa, wakalisugua hadi ling'ae. Tabaka hilo ndilo niru. Mafundi wa magharibi mwa India nao wana neeru, na kazi yake ni hiyohiyo. Majahazi hayakubeba vitambaa na mchele peke yake.

Mambo ya pwani yalifika mapema chini ya milima ya Uluguru. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliukuta mji wenye ngome ulioanzishwa na Kisabengo, nao ulikuwa na malango ya mbao yaliyonakshiwa kwa mtindo wa Waarabu. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Nyumba ya Kiswahili, ile ya baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa ikienea bara kwa njia za misafara na baadaye kwa reli. Chumba cha mbele kilikuwa rahisi kugeuzwa duka: unatoboa mlango wa kuelekea barabarani, unakandika upya, unapaka chokaa.

Saruji ndiyo iliyobadilisha mambo. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na Morogoro iko umbali wa kilomita zisizofika 200 kutoka hapo. Niru ikabaki na jina lake, ikabadilisha mwili. Siku hizi ukimwambia fundi apige niru sakafuni, hunyunyiza saruji tupu juu ya sakafu iliyosawazishwa ingali mbichi, kisha hurudi kinyumenyume kutoka ukuta wa nyuma kuelekea mlangoni, amechuchumaa, mwiko wa chuma ukienda nusu duara na kurudi. Akikosea mwendo atajifungia pembeni, na nyayo zake zitakaa humo miaka. Wenye kupenda urembo huchanganya unga mwekundu, na sakafu ikikauka huipaka nta. Sakafu ya namna hiyo hustahimili viti vya baa vinavyokokotwa kila usiku, jambo ambalo tailizi za bei rahisi haziwezi.

Ukutani hesabu ni nyingine. Chini, kimo cha kiuno au bega, hupakwa rangi ya mafuta iliyokolea, na juu hupakwa rangi ya maji nyeupe au ya maziwa. Mgawo huo upo madarasani, zahanati, saluni na migahawa, na sababu yake ni mikono na migongo ya watu: rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa na sabuni.

Ila Morogoro ina mvua za mlimani, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji hupanda ukutani kutoka ardhini. Chokaa huyaacha yapumue nje. Rangi ya mafuta huyafungia ndani, na baada ya masika ukuta hutoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, kisha rangi hubanduka vipande vipande. Kwa kuta hizo chokaa ingefaa zaidi, na ni rahisi. Lakini mwenye saluni gani anataka wateja watoke na mabega meupe?

Kisha zikaja kampuni za simu na rangi zao. Vodacom ilipoacha bluu na kushika nyekundu mwaka 2011, maduka ya mawakala yalifuata nchi nzima bila tofali moja kusogezwa. Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, na makopo ya rangi ya njano yakafunguliwa.

Mtindo wa sasa ni jipsamu darini, taa zimefichwa pembeni, ukuta umeskimiwa na wolpepa imebandikwa nyuma ya kaunta. Mzigo hutoka Kariakoo, na tangu Juni 2024 treni ya umeme humtoa mnunuzi Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Anayeskimu bado anahitaji msasa. Siku hizi ni karatasi ya dukani. Zamani ulikuwa mti, na majani yake makavu, yenye kukwaruza, ndiyo yaliyolainisha mbao za maseremala.

Mpangaji akihama hufungua rafu, kioo na kibao cha jina. Jipsamu, niru na rangi humbakia mwenye nyumba, naye huviingiza kwenye kodi ya mpangaji ajaye. Huyo akishalipa kilemba, humwita fundi aje na msasa, aanze kukwangua.