Mtu wa Siaya Aliyekuwa Idi Amin

Sondu nilipokuwa mdogo, burudani ya kulipia ilikuwa moja tu: video. Chumba cha mabati karibu na soko, gunia jeusi mlangoni, jenereta ikinguruma nyuma, na mabenchi ambayo ukichelewa unakaa chini na vumbi lako. DJ Afro alikuwa bado hajaanza kututafsiria maneno ya wazungu. Tulikuwa tunaangalia tu, mtu akipigwa tunapiga kelele, akifa tunanyamaza kidogo. Kanda zilikuwa za Bruce Lee na Schwarzenegger, lakini kulikuwa na moja iliyochezwa mpaka picha ikaanza kuchora mistari. Ile ya Idi Amin.

Wengi mle ndani waliamini wanamwona Amin mwenyewe. Mzee mmoja aliyependa kukaa mbele ndiye alikuwa akiwakatiza: "Huyo mnayemwogopa ni wa Siaya. Ni Jaluo kama sisi." Watu wanacheka, wanamwambia jaduong' amelewa.

Mzee alikuwa na haki. Jina la mtu huyo ni Joseph Olita. Filamu ni Rise and Fall of Idi Amin, ilitoka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kufukuzwa Kampala, Aprili 1979. Mwongozaji alikuwa Sharad Patel, na sehemu kubwa ilipigiwa hapa Kenya. Uganda bado inatokwa na damu, waliopoteza watu bado wanawatafuta, na hapa jirani tayari kuna jamaa amevaa medali za bandia anacheka mbele ya kamera.

Nimeiangalia tena mwaka huu, kwa simu, na nitasema ukweli: filamu yenyewe si nzuri sana. Ina haraka. Inapenda kushtua, ndiyo maana kila aliyeiona anakumbuka ile friji yenye vichwa vya watu na si kingine. Hadithi ya kwamba Amin alikula watu ilikuwa tamu kwa magazeti ya Ulaya, na filamu haikujisumbua kuuliza kama ni kweli. Kuna kitu kimoja cha ajabu humo, hata hivyo. Denis Hills, yule mwandishi Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa kumwita dikteta wa kijijini, anaigiza kama yeye mwenyewe. Hebu fikiria. Unasimama mbele ya mtu mwenye sura ya yule aliyetaka kukuua, na mwongozaji anasema rudia, taa haikuwa sawa.

Na Olita ni mkubwa kuliko filamu yake. Anaingia chumbani na mlango unapotea. Anachekesha, halafu kicheko kinakaa sekunde moja zaidi ya inavyofaa, na unaanza kuangalia ulipo mlango wa kutokea. Hiyo haifundishwi na mtu wa vipodozi.

Ila kilichonifanya nitake kuandika habari hii ni swali lingine: Jaluo kumcheza Amin ilikuwa na maana gani kwa watu wa huku ziwani? Tukae hapo kidogo.

Februari 1976, Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Hakuitunga hewani. Mpaka 1902, Kisumu na nchi yote inayoizunguka ilikuwa chini ya Himaya ya Uganda. Waingereza ndio walioisogeza ikawa upande wa Kenya, kwa kalamu tu, reli ikiwa ndiyo imefika ziwani. Amin akafukua ramani hiyo ya zamani. Kenya iliwaka. Kulikuwa na mikutano na maandamano, na huko Mombasa wafanyakazi wa bandari wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Kwa mtu wa Nairobi ilikuwa habari ya redio. Kwa mtu wa Kisumu, wa Siaya, wa Sondu hapa, ilikuwa ni kuambiwa kwamba kitanda anacholalia kina mwenyewe, na mwenyewe ni Amin.

Halafu kuna damu. Wanajeshi wa kwanza kuchinjwa na Amin, kuanzia 1971, walikuwa Waacholi na Walangi. Ukimsikiliza Mwacholi akiongea, mtu wa Siaya anamfuata bila mkalimani, maana lugha ni dada. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977, alikuwa Mwacholi. Kwa hiyo Olita alipovaa zile nguo, alimvaa mtu aliyewaua watu wanaosalimiana kwa maneno karibu na ya mama yake. Sijui mwigizaji hufanya nini na kitu kama hicho. Najua tu kwamba kwenye skrini hakimzuii, na pengine ndicho kinachompa ule ubaridi machoni.

Wengi walimcheza Amin baada yake. Olita ndiye aliyeitwa kumcheza tena. Mwaka 1991 Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala (huyu Mira Nair ndiye mama yake Zohran Mamdani, yule mwanasiasa wa New York mnayemposti kila siku), hadithi yake ilianzia Kampala ya 1972, Wahindi wakiwa wamepewa siku 90 waondoke. Amin alihitajika kwa dakika chache tu. Olita akarudi. Vijana wanaijua filamu ile kwa sababu ya Denzel Washington, na ni sawa, Denzel ni Denzel. Lakini kivuli kilicho nyuma ya hadithi yote ni cha mtu wa Siaya.

Kisha 2006 ikaja The Last King of Scotland, na mwaka uliofuata Forest Whitaker akabeba Oscar. Alistahili, sina ugomvi naye. Alienda Uganda, akajifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani. Tangu hapo ukisema "yule aliyecheza Amin," kila mtu anajua unamsema nani. Olita alifariki Juni 2014 huko Siaya. Sura yake ilitembea Afrika Mashariki nzima kwenye vibanda vya mabati, na jina likabaki nyumbani.

Kuna mwingine wa huku ziwani ambaye sinema ilimfanyia kinyume. Olita ilimchukulia sura. Huyu ilimchukulia sauti.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 katika familia ya wanamuziki Wajaluo, akaitwa Job Seda. Ukiangalia Out of Africa, ile ya 1985 iliyozoa Oscar saba, utamwona: ni Kanuthia, kijana anayefuatana na Robert Redford. Haongei mengi. Waafrika kwenye filamu ile hawakupewa mengi ya kuongea. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza na nyatiti yake, ile ya nyuzi nane, akawa anapiga kwa ajili ya wapita njia kwenye stesheni za treni za chini London. Huko ndiko alikogeuka kuwa Ayub Ogada. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitoka 1993 kwenye lebo ya Peter Gabriel, Real World.

Ndani yake kuna "Kothbiro", yaani mvua inakuja. Unaijua. Hata kama unabisha, unaijua. Imo kwenye The Constant Gardener ya 2005, iliyopigwa Kibera na Turkana na kumpa Rachel Weisz Oscar. Kwenye filamu ya kwanza aliweka mwili na hakupewa maneno. Miaka ishirini baadaye hayupo kwenye picha, lakini sauti yake, kwa Dholuo, ndiyo inayobeba huzuni ya watu wote waliomo. Alirudi Kenya, akaishi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na huko ndiko alikofariki tarehe 1 Februari 2019.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kanye West alitoa "Yikes". Tuliicheza kwenye mathree mpaka spika zikalia, na mse hakuuliza ile sauti ya chini inatoka wapi. Inatoka kwa Black Savage, bendi ya vijana wa Nairobi ya miaka ya sabini ambayo Job Seda alikuwa ndani yake kabla ya London, kabla ya Redford. Ni "Kothbiro" ileile, ya kwanza kabisa. Fungua orodha ya waandishi wa wimbo huo kwenye simu yako. Chini ya majina ya Wamarekani yapo mawili ya huku kwetu: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada.