Tasbihi ya mnyoo wa kichocho

Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, daktari kijana Mjerumani, Theodor Bilharz, alipasua maiti akakuta minyoo myembamba, myeupe, ndani ya mshipa upelekao damu kwenye ini. Alikuwa amekiona chanzo cha kichocho, ugonjwa uliowakojoza watu damu tangu enzi za Mafarao. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya mnyoo huo, yamegeuka chokaa, kwenye figo za Wamisri waliozikwa miaka ipatayo 3,000 kabla yake.

Kwa muda mrefu ukoo wa minyoo hii ulipangwa kwa kutazama yai na konokono anayeubeba. Yai la kichocho cha mkojo lina mwiba nchani, la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, na la mnyoo wa Asia limeviringana, mwiba wake hauonekani kirahisi. Kwa kuwa spishi nyingi ziko Afrika, wengi waliamini kwamba huku ndiko chimbuko la ukoo mzima.

Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Vina DNA yao wenyewe, fupi, iliyojifunga duara, na kwa kawaida hurithiwa kwa mama. Ya mnyoo wa kichocho ina jeni 36 tu. Ni kama tasbihi ya punje 36: punje zikihama nafasi, wajukuu na vitukuu huirithi ikiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2000 Thanh Hoa Le, David Blair na wenzao waliipitia tasbihi hiyo punje kwa punje. Minyoo ya kichocho ya Asia ilikuwa na mpangilio unaofanana na wa minyoo bapa mingine, hata mnyoo wa ini wa ng'ombe na tegu. Ule wa kichocho cha tumbo cha Afrika ndio uliopanguka, jeni kadhaa zimehama. Maana yake, mpangilio wa kale umebaki Asia. Watafiti wenyewe walionya kwamba mpangilio wa jeni peke yake unaweza kupotosha, na walifanya vyema kuonya. Lakini miti ya ukoo iliyochorwa baadaye, kwa kulinganisha herufi za DNA zenyewe, nayo ilielekeza Asia. Babu wa minyoo yetu alikuja Afrika kama mgeni.

Kwangu mimi, sehemu nzito ya historia hii ni ya juzi tu. Utafiti wa mwaka 2005 ulilinganisha DNA ya mitokondria ya minyoo ya kichocho cha tumbo kutoka Afrika na Amerika. Afrika Mashariki ndiko ilikokutwa na tofauti nyingi kuliko kwingine, dalili kwamba imeishi huku kwa muda mrefu zaidi. Ya Amerika ina tofauti chache, na ndugu zake wa karibu wako Afrika Magharibi. Ilivuka Atlantiki katika miili ya watu waliofungwa minyororo. Vitabu vya wafanyabiashara viliwaandika watu hao kama shehena. Damu yao ilibeba kumbukumbu ya pwani walikotolewa. Brazili na visiwa vya Karibi vilikuwa na konokono walioweza kumlea mnyoo huyo. Yule wa kichocho cha mkojo hakuota mizizi kule, kwa sababu konokono wake hawapo.

Huyo wa mkojo naye ana safari yake. Mwaka 2012 Bonnie Webster na wenzake walionyesha kwamba mitokondria zake zinagawanyika makundi mawili: moja limeenea bara zima, jingine liko kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi na pwani iliyo jirani navyo.

Tasbihi hii lakini husimulia upande wa mama tu. Nchini Senegal, mwaka 2009, watafiti waliripoti vibuu vya kichocho kutoka kwa watoto, vyenye mitokondria za mnyoo wa kichocho cha ng'ombe. DNA ya kiini cha seli ikasema jambo jingine: upande wa pili wa ukoo ulikuwa mnyoo wa binadamu. Aina mbili zilikuwa zimeoana.