Miti ya Reli na Magugu ya Karura

Ukitoka Ngara ukafuata Barabara ya Limuru, hupiti mbali kabla ya kuufikia msitu wa Karura, hekta 1,041 za miti ndani ya jiji. Vijana wengi tunadhani miti ile yote ilijiotea. Kumbe mingine ililetwa kwa ajili ya gari la moshi!

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899. Injini za siku zile zilikula kuni, na miti ya kienyeji kama muhugu hukua polepole mno. Basi mwaka 1902 wakoloni wakaleta mikaratusi, mti wa asili ya Australia, na mwaka 1907 wakaanzisha Arboretum, upande wa State House, kujaribu ni miti gani ya kigeni inayokua haraka. Familia nyingi za Kihindi hapa Ngara zilikula mshahara wa reli hiyo, kwa hivyo habari hii ni ya mtaa wetu pia. Mikaratusi ikaenea hadi Karura, msitu uliotangazwa rasmi kuwa wa serikali mwaka 1932.

Lantana ilipitia mlango mwingine: urembo. Ni kichaka kutoka Amerika ya joto, kilichopendwa na watunza bustani kwa maua yake na kwa kufanyia ua. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kutawanya mbegu. Ng'ombe akila majani, ini lake huharibika. Ukikifyeka kinachipua tena pale pale, kwa hivyo lazima uchimbe shina lote kwa jembe, halafu urudi tena baada ya mvua. Si mchezo.

Miaka ya 1990 Karura ilivamiwa na wengine, yaani wakubwa waliogawiwa viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti huko. Ujenzi ulisimama, lakini vichaka vilibaki, na ndani yake majambazi. Hakuna mzazi aliyemruhusu mtoto kwenda.

Kuanzia mwaka 2009 jumuiya ya Friends of Karura iliungana na Shirika la Huduma za Misitu. Ua wa umeme ukajengwa, na vijana wa kijiji cha Huruma, jirani na msitu, wakapata kazi. Lantana ikang'olewa, miti ya kienyeji ikapandwa.

Ilipofika zamu ya kukata mikaratusi, wananchi walilalamika: si huu ndio msitu uliopiganiwa? Mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza. Sauti ya msumeno wa mnyakuzi haina tofauti na ya msumeno wa mtunzaji, na anayekata anapaswa kueleza kwanza. Lakini chini ya mikaratusi mimea mingi ya kienyeji haistawi, na mti huo hunywa maji mengi sana.

Kati ya 2014 na 2016, mbega zaidi ya mia moja walihamishiwa Karura kutoka Kipipiri, Nyandarua. Huko mashamba yalikuwa yamekula misitu yao, na wakulima wakiwahesabu kuwa waharibifu. Karura wanakula majani ya miti ya kienyeji, na chini yao vibarua bado wanachimba lantana.