Majalada Yaliyofichwa: Kompyuta, Masjala na Kumbukumbu za Busia

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza historia ya jambo linaloonekana kuwa dogo, yaani njia ambayo mtumiaji wa kompyuta huonyesha mikusanyo ya folda isiyoonekana katika orodha ya kawaida. Jambo hilo ni la mafundi, lakini lina funzo kwa wanalugha na wanahistoria, hususan wale wanaoshughulikia Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Kenya na Uganda ambayo nyaraka zake zimetawanyika. Hoja kuu ni kwamba kufichwa si kupotea. Kilichofichwa kipo mahali pake. Kinachokosekana ni uamuzi wa kukionyesha, au jina la kukiitia.

2. Istilahi

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, yafaa kuyatazama maneno yenyewe. Katika ofisi za Afrika Mashariki karatasi za shauri moja huwekwa katika jalada au faili, na majalada hutunzwa katika masjala chini ya karani. Kabrasha ni mkoba wa karatasi, kama zile wanazopewa wajumbe wa mkutano. Kompyuta ilipoingia ilikuta maneno haya tayari yana kazi. Faili likahamia humo na kuwa jina la waraka mmoja, na kwa chombo kinachobeba faili nyingi likaja neno folda, ingawa wako wanaopendelea kabrasha. Neno maktaba nalo lilitokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, likawa nyumba ya vitabu. Katika kompyuta limepata maana ya mkusanyo wa folda. Itadhihirika baadaye kwamba maana hii mpya si nyumba hata kidogo.

3. Kuficha katika kompyuta

Kuna namna tatu za kuficha, na kila moja ina asili yake. Ya kwanza ilitokana na bahati mbaya. Mfumo wa Unix ulianza kuundwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Kila folda katika mfumo huo ilikuwa na majina mawili ya lazima: nukta moja, iliyosimamia folda yenyewe, na nukta mbili, zilizosimamia folda iliyo juu yake. Ili majina hayo yasijaze orodha bila faida, programu ya kuorodhesha iliagizwa iruke kila jina linaloanza kwa nukta. Rob Pike, aliyepata kufanya kazi katika maabara hizo, ameeleza kwamba agizo hilo lilikuwa njia ya mkato: lilikusudiwa kuondoa majina mawili tu, likaishia kuficha kila jina lenye nukta mwanzoni. Watunga programu wakaizoea hali hiyo, wakaanza kuweka mipangilio yao humo. Kosa likawa desturi.

Namna ya pili ilikuwa ya makusudi. Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, mfumo wake wa DOS uliweka alama ya ufichaji kwenye faili yenyewe, na faili mbili za msingi za mfumo huo hazikuonekana katika orodha. Aliyeziweka alitaka zisiguswe na mikono isiyozijua.

Namna ya tatu ni ya mpangilio. Mwaka 2009 Windows 7 ilileta maktaba nne: za nyaraka, muziki, picha na video. Maktaba ya aina hii haihamishi kitu chochote. Folda hubaki zilipo, pengine hata katika diski tofauti, lakini huonyeshwa pamoja kana kwamba ziko mahali pamoja. Katika toleo la 8.1 la mwaka 2013, maktaba hizo ziliacha kuonyeshwa upande wa kushoto wa dirisha. Hazikufutwa. Azitakaye hufungua menyu ya mwonekano, akaichagua sehemu hiyo ya kushoto, kisha akaagiza maktaba zionyeshwe. Nazo hutokea papo hapo. Asiyejua kwamba agizo hilo lipo hudhani kuwa hazimo.

4. Nyaraka za Busia

Hali ya asiyejua huyo inafanana na ya mtafiti wa Busia. Akitafuta jalada la wilaya hiyo kabla ya mwaka 1963 hataliona, kwa sababu Wilaya ya Busia haikuwako. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo mkoa huo ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Utawala ulikuwa Mumias, na mwaka 1920 makao yakahamia Kakamega. Wilaya ya Kavirondo Kaskazini ikabadilishwa jina kuwa Nyanza Kaskazini mwaka 1948, na mwaka 1956 ikamegwa ili kupata Wilaya ya Elgon Nyanza. Samia na Bunyala, zilizo leo katika Kaunti ya Busia, zilihesabiwa katika Nyanza ya Kati.

Matokeo yake ni kwamba historia ya mahali pamoja imo katika majalada ya mamlaka mbalimbali. Sehemu iko Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, chini ya alama kama DC/NN za Nyanza Kaskazini na PC/NZA za mkoa wa Nyanza. Sehemu iko katika nyaraka za Uganda, zilizokaa Entebbe miaka mingi na sasa ziko Kampala. Mambo ya reli ya Malaba yaliandikwa na shirika la pamoja la reli, ambalo liligawanyika mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika. Hakuna aliyekusudia kuificha Busia hapa. Ni mpangilio tu.

Yako, hata hivyo, yaliyofichwa kwa makusudi, nayo yanaihusu Kenya nzima. Kabla ya uhuru maofisa wa kikoloni waliyatenga majalada waliyoyaona kuwa nyeti. Mengine yalichomwa, mengine yalipelekwa Uingereza. Serikali ya Kenya iliomba yarejeshwe mwaka 1967, ikakataliwa. Kuwako kwake kulikubaliwa hadharani mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee walioteswa katika kambi za miaka ya 1950, na majalada ya Kenya yalikuwa yapata 1,500. Tangu mwaka 2012 yamefunguliwa huko Kew chini ya alama ya FCO 141. Nayo pia hayakuwa yamepotea. Yalikuwa na alama isiyoonekana.

5. Majina yanavyoficha

Namna iliyosalia, ya kosa lililogeuka desturi, ndiyo inayowahusu wanalugha zaidi. Waiteso wa upande wa Kenya waliandikwa Wamia au Elgumi katika kumbukumbu za mwanzo. Waluyia waliitwa Wabantu wa Kavirondo, na jina Abaluyia halikuenea ila kuanzia miaka ya 1930 na 1940. Makarani waliandika walivyosikia kwa wakalimani, na tahajia zao zikarithiwa.

Kijana wa Amukura atafutaye neno Teso katika faharasa ya mwaka 1910 aweza kurudi mikono mitupu, akaamini kwamba watu wake hawakuwako. Jambo hili si la maktabani tu. Katika nchi ya mpakani hoja ya nani mwenyeji na nani mgeni huamua mambo ya ardhi na uongozi, na ukimya wa faharasa hutumiwa kama ushahidi. Ni ushahidi wa uongo: neno limekosekana, watu hawakukosekana.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba orodha yoyote, ya karani au ya kompyuta, ni matokeo ya uamuzi wa mtu fulani kuhusu kipi kionekane. Kuyahamishia Busia majalada yote si jambo rahisi, wala si lazima. Kinachowezekana ni maktaba kwa ile maana mpya: orodha moja inayoyaonyesha pamoja majalada ya Nairobi, Kampala na Kew, kila moja likibaki lilipo. Msingi wa orodha hiyo ni faharasa ya majina, ya zamani na ya sasa, ya Kiteso, Kisamia, Kikhayo, Kiswahili na ya kikoloni, kila moja likielekeza kwa wenzake. Kazi hiyo haimhitaji fundi wa kompyuta kwanza. Inamhitaji mwanalugha, anayejua kwamba Wamia na Waiteso ni watu wale wale.