Mama Alikuwa Anaangalia Macho

Nikirudi nyumbani likizo, mama alikuwa ananisimamisha mlangoni kabla sijavua viatu. "Hebu nikuone." Ananishika kidevu, anageuza uso wangu kwenye taa, anatafuta wekundu. Mimi nilikuwa nishatia dawa ya macho nikiwa steji. Huo mtihani niliupita miaka miwili. Ya chuo ndiyo iliyonishinda.

Wazee wetu wana dalili zao za bangi: macho mekundu, kuongea peke yako, kuokota makaratasi. Mtaani kwetu kulikuwa na jamaa wa gunia, na sisi watoto tuliambiwa ati ni ngwai ilimfanya hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Baadaye nikaja kujua kwamba dalili hizi zina historia ndefu, na kalamu iliyoziandika mara nyingi haikuwa ya daktari.

Chukua India, ambako jina lenyewe bangi lina asili yake. Mwaka 1893 serikali ya Mwingereza iliunda tume kuchunguza mmea huu. Swali moja kubwa: ni kweli unajaza hospitali za wendawazimu? Tume ilihoji mashahidi zaidi ya 1,000. Walipofungua rejista za mwaka 1892 wakakuta wagonjwa 222 walioandikiwa kwamba bangi ndiyo chanzo. Sasa, ile sehemu ya "chanzo" mara nyingi ilijazwa na polisi au karani, na bangi ilikuwa jibu la karibu. Tume ikafuatilia kesi moja moja. Zikabaki 98. Ripoti ya 1894 haikusema bangi haina neno. Ilisema anayezidisha huumia, na anayetumia kidogo kwa kawaida haumii.

Ripoti ikakaa kabatini. Kwenye mkutano wa afyuni wa Geneva uliomalizika 1925, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, alisisitiza kwamba hashishi inawatia watu wazimu kwao, na bangi ikaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa. Kenya nayo, kwa sheria ya 1994, ikaweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1994, madaktari wa akili wa Marekani walichapisha toleo la nne la mwongozo wao, DSM. Walikubali kwamba bangi ina uraibu, lakini arosto, ile shida ya kuacha ambayo watu wa Mombasa wanaijua kwa heroini, hawakuiweka kwa bangi. Iliingia toleo la tano, 2013. Hebu fikiria. Karibu miaka 120 tangu ile tume, ndipo mwongozo huo ukaandika kwamba mvutaji sugu akiacha anaweza kupata hasira, wasiwasi, ndoto mbaya, jasho, na chakula kikamshinda.

Toleo hilo lina dalili 11 za uraibu. Mbili ndani ya miezi 12 zinatosha. Sita na kuendelea ni hali mbaya. Macho mekundu hayamo. Kuna kuvuta kuliko ulivyopanga, kujaribu kupunguza ukashindwa, kuacha majukumu, kuhitaji zaidi ili usikie kilekile. Nilijihesabia nikapata saba. Wakati huo nilikuwa nishaacha chuo.

Lakini ningejua mapema. Mwaka wa pili nilikuwa navuta shada la kwanza kabla ya chai. Wiki moja pesa ziliisha. Siku ya tatu shuka zililowa, chapati naitafuna kama karatasi, nikilala naota nafukuzwa. Nikajua ni malaria. Kliniki wakanipima, hakuna. Daktari hakuniuliza kama navuta, nami sikusema. Kwani angeuliza kwa nini? Nilikuwa nimechana nywele, najibu vizuri, macho meupe kabisa. Sijawahi kuwa na macho meupe hivyo.

Siku ya tano beshte akanipa pafu mbili nyuma ya hosteli. Malaria ikaisha kwa dakika kumi, nikala ugali wa watu wawili.

Siku hizi mama hanigeuzi tena kwenye taa. Anapiga simu asubuhi, anauliza kama nimelala na kama nimekula.