Kipenyo cha risasi (uwindaji)

Upana wa risasi, unaopimwa kwa inchi au milimita. Kwa nyati, kipimo kinachoaminika ni .375 H&H cha kampuni ya Holland & Holland ya London, kilichotoka mwaka 1912: milimita 9.5, risasi ya gramu 19 hivi. Lakini shabaha hushinda ukubwa: risasi nene ikikosa moyo na mapafu humwacha mnyama na mateso, na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kubwa. Huko Garsen na Chara, kwenye delta ya Tana nchini Kenya, uwindaji wa nyati ni suala la historia, kwani Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Kabla ya hapo Wawaata wa ukanda huo waliangusha hata ndovu kwa upinde mzito na mshale wenye sumu. Tanzania bado hutoa leseni za uwindaji wa kitalii.